Gemu za Wingu: Je, Zafaa Kulipiwa, au Ni Kuchoma Bando?



Wiki mbili baada ya Idd nilisafiri hadi Kulamawe kumzuru dada yangu. Nasema Kulamawe ya barabara ya Garbatulla, si ule mtaa wa Kulamawe ulio mjini Isiolo. Dada aliolewa huko na Mborana miaka mingi iliyopita, na mtoto wake wa pili, kijana wa miaka ishirini na mbili, ndiye aliyenipa mada ya leo. Jioni ya kwanza, baada ya chai ya maziwa, alinisogelea na simu mkononi akasema, "Mjomba, wewe una diploma ya kompyuta. Nataka uniambie ukweli kabla sijauza mbuzi."

Alitaka kuuza mbuzi wanne. Ukame ule wa misimu mitano ya mvua iliyofeli mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, ulikuwa umepukutisha zizi la babake, na hao wanne ni katika wachache waliosalia kwa jina lake. Kwa pesa zao alikusudia kununua televisheni mbili, pedi za kuchezea, na kulipia huduma ya gemu za wingu, kisha afungue chumba cha gemu pale kituoni. Alikuwa ameona video mtandaoni: jamaa ana simu tu na pedi, anacheza gemu kubwa za bei ghali bila pleisteshen wala kompyuta. "Hakuna mashine ya kununua, mjomba. Hakuna vumbi la kuua feni."

Nilimwomba anipe siku tatu. Haya ninayoandika ndiyo niliyomjibu, na nayaandika kwa sababu najua wako vijana wengi Lamu, Malindi, Kwale na Mombasa wanaojiuliza swali hilo hilo.

Gemu ya wingu ni nini hasa?

Kwa kawaida, gemu huendeshwa na mashine uliyo nayo. Ukiweka diski kwenye pleisteshen, ile mashine ndiyo inayochora uwanja, wachezaji na mpira, na televisheni kazi yake ni kuonyesha tu.

Kwenye gemu ya wingu, mashine inayofanya kazi hiyo iko mbali, katika jengo la kampuni lililojaa seva. Wewe huletewa picha kama video. Ukibonyeza kitufe cha kupiga shuti, amri husafiri kwa intaneti hadi kwenye ile seva, seva hupiga shuti, huchora picha mpya, huibana, na kuirusha kwako. Simu yako huifungua na kuionyesha. Haya yote hutendeka mara 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina takriban milisekunde 17 tu.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani ni sawa na kutazama filamu mtandaoni. Filamu inaweza kupakuliwa sekunde kadhaa mbele, mtandao ukikatika kidogo wewe hujui. Gemu haiwezi kupakuliwa mbele, kwa kuwa seva haijui kitufe gani utabonyeza. Kila picha huchorwa baada ya kitendo chako. Ndiyo maana mtandao unaotosha sana kwa filamu waweza kushindwa kabisa na gemu.

Si jambo geni

Fikra hii ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Kampuni ya OnLive ya Marekani ilianza kuuza huduma ya namna hii mwaka 2010. Ilifungwa tarehe 30 Aprili 2015, na Sony ikanunua hataza zake. Sony ilikuwa imeshainunua kampuni nyingine ya aina hiyo, Gaikai, mwaka 2012 kwa dola milioni 380, na mwaka 2014 ikaleta PlayStation Now, ambayo mwaka 2022 iliunganishwa na PlayStation Plus.

Google nao waliingia tarehe 19 Novemba 2019 kwa huduma iliyoitwa Stadia. Watu walitabiri kwamba mashine za gemu zimekwisha. Tarehe 18 Januari 2023 Stadia ilizimwa. Google walirudisha pesa za gemu na za vifaa walivyouza wenyewe, na kwa hilo wanastahili sifa. Lakini aliyekuwa amefika mbali katika gemu fulani, mara nyingi alipoteza safari yote.

Zilizobaki na zenye nguvu ni Xbox Cloud Gaming ya Microsoft iliyofunguliwa rasmi Septemba 2020, GeForce NOW ya Nvidia iliyotoka kwenye majaribio Februari 2020, Luna ya Amazon, na ile ya PlayStation Plus ya daraja la juu. Kwa hivyo teknolojia yenyewe si uongo. Inafanya kazi. Swali ni: inafanya kazi kwa nani, na wapi?

Nina binamu anayeishi Leicester, Uingereza. Ana faiba nyumbani, na seva za kampuni haziko mbali naye. Anacheza kwenye televisheni yake bila mashine yoyote, na ananiambia hajajuta. Namwamini. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda, na Leicester si Kulamawe.

Mizani ya kwanza: kasi

Microsoft hushauri megabiti 10 kwa sekunde kwa simu na 20 kwa mashine kubwa. Nvidia hutaka angalau 15 kwa picha ya kawaida na 25 kwa picha safi ya televisheni.

Mjini Mombasa kasi hiyo hupatikana. Kifurushi cha chini kabisa cha faiba ya nyumbani ya Safaricom kiliongezwa mwaka 2024 kutoka megabiti 10 hadi 15 kwa shilingi 2,999 kwa mwezi. Kwa simu ya 4G pia unaweza kufika huko, hasa asubuhi. Tatizo la simu ni kwamba mnara mmoja hugawanywa na watu wote walio chini yake. Tulipima kwa mpwa wangu kwa siku tatu. Alfajiri baada ya swala tulipata megabiti 22. Saa mbili usiku, wakati ambao wateja wa gemu wangekuwa wamejaa, tulipata 4, kisha 7, kisha 3.

Gemu haitaki kasi inayopanda na kushuka. Inataka kasi ya wastani isiyotetereka. Afadhali megabiti 15 zilizotulia kuliko 40 zinazorukaruka.

Mizani ya pili: umbali

Huu ndio moyo wa jambo, na ndio usiotajwa kwenye video za matangazo.

Kila amri unayobonyeza lazima iende na picha irudi. Muda huo wa kwenda na kurudi hupimwa kwa milisekunde, na ukizidi vijana huuita legi. Nvidia wenyewe hutaka uwe chini ya 80 kutoka kwako hadi kwenye seva yao, na hushauri uwe chini ya 40.

Sasa tupige hesabu. Mwanga ndani ya kebo ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Mombasa hadi Marseille, Ufaransa, ambako kebo nyingi za bahari huingilia Ulaya, ni takriban kilomita 6,300 kwa mstari ulionyooka. Kebo hazinyooki, huzunguka Pembe ya Afrika na kupanda Bahari ya Shamu. Lakini hata tuseme zimenyooka: kwenda na kurudi ni kilomita 12,600, sawa na milisekunde 63. Hiyo ni kabla ya kuhesabu mnara wa simu, njia ya kutoka Isiolo hadi pwani, mitambo ya njiani, na kazi ya seva kuchora na kubana picha. Hakuna kampuni inayoweza kuuza kifurushi cha kushinda mwendo wa mwanga.

Tulipima. Kutoka Kulamawe hadi seva ya Nairobi tulipata milisekunde 50 hivi. Hadi Ulaya, kati ya 190 na 240. Robo ya sekunde inaonekana ndogo, lakini jaribu kudaka penalti ukiwa umechelewa robo ya sekunde. Mpwa wangu anacheza kandanda sana. Nilipomwonyesha nambari ile alinyamaza, kisha akasema, "Hapo goli limeshaingia, mjomba."

Tuwe waadilifu. Si gemu zote zinazoumizwa sawa. Gemu za kufikiri na kungoja zamu, za kadi, za kujenga miji, za hadithi, huvumilia. Zinazouawa ni kandanda, ngumi, mbio za magari na bunduki. Na hizo ndizo vijana wa vituoni hulipia.

Mizani ya tatu: bando

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufungue daftari.

Megabiti 10 kwa sekunde, kwa saa moja, ni GB 4.5. Megabiti 20 ni GB 9. Ukicheza saa mbili kila siku kwa kiwango cha chini, kwa mwezi umetumia GB 270.

Mpwa wangu alitaka skrini mbili, saa sita kwa siku. Hiyo ni GB 54 kwa siku moja. Mwaka 2024 Starlink ilitangaza hapa Kenya kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300 kwa mwezi, na watu wengi wa bara walikishangilia. Kwa chumba cha gemu cha wingu, kifurushi hicho cha mwezi kingekwisha siku ya kwanza kabla ya kufunga mlango.

Tuseme sasa anatumia bando la simu na analipata kwa shilingi 50 kwa GB moja. Saa moja ya skrini moja ni shilingi 225. Pale kituoni mechi moja ya robo saa hulipiwa shilingi 20, yaani shilingi 80 kwa saa. Kwa kila saa ambayo kiti kina mteja, anapoteza shilingi 145. Wateja wakizidi, hasara inazidi. Biashara ya namna hiyo hata ukiiombea dua haisimami.

Alinijibu vizuri, na napenda niliseme jibu lake. "Je, nikilipia Starlink isiyo na kikomo?" Huduma hiyo ilipoingia Kenya Julai 2023, kifurushi cha nyumbani kilikuwa shilingi 6,500 kwa mwezi. Skrini mbili zikijaa saa sita, mapato ni shilingi 960 kwa siku. Hapo bando linalipika, na hesabu yangu ya mwanzo inaanguka. Nilikubali. Satelaiti zile pia ziko chini, takriban kilomita 550 juu yetu, kwa hiyo hazicheleweshi kama satelaiti za zamani. Lakini hata amri ikifika Nairobi upesi, bado seva ya gemu iko ng'ambo. Ile safari ya bahari haijafutwa.

Ada, kodi na orodha ya nchi

Ada za huduma zenyewe ni za dola. GeForce NOW ina daraja la bure lenye foleni na kikomo cha saa moja kwa kila awamu, daraja la dola 9.99, na la dola 19.99 kwa mwezi. Game Pass Ultimate ya Microsoft, ambayo ndani yake mna gemu za wingu, ilipandishwa hadi dola 29.99 Oktoba 2025. Kwa shilingi 129 kwa dola, hizo ni takriban shilingi 1,290, 2,580 na 3,870. Ongeza kodi ya VAT ya asilimia 16 pale inapotozwa. Malipo si tatizo kama zamani, kwa sababu tangu 2022 M-Pesa ina kadi ya Visa ya mtandaoni iitwayo GlobalPay.

Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, akaunti moja ni skrini moja kwa wakati. Skrini mbili ni ada mbili. Pili, na hili ni kubwa zaidi: Kenya haimo katika nchi ambazo Xbox Cloud Gaming hutolewa rasmi. PlayStation nayo haina hata jina la Kenya unapofungua akaunti, ndiyo maana vijana wetu wengi huandika kwamba wako Marekani au Uingereza.

Kuna wanaotumia VPN kujifanya wako nchi nyingine. Mpwa wangu alikuwa ameshafundishwa ujanja huo na rafiki yake. Nilimweleza mambo matatu. VPN huongeza safari, kwa hivyo legi huzidi. Inavunja masharti uliyoyakubali mwenyewe ulipofungua akaunti, na kampuni ikikufungia huna pa kulalamika. Na tatu, ahadi ni ahadi, hata ukiwa umeitoa kwa kubonyeza kitufe. Mtu hajengi riziki yake juu ya jina la uongo.

Unakodi, hununui

Kuna methali ya kwetu: nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwenye nguo akiitaka, utabaki ulivyo.

Katika gemu za wingu, wewe ni mpangaji. Ada ikikosekana mwezi mmoja, mlango umefungwa. Mwenye gemu akiiondoa kwenye orodha, imekwenda. Februari 2020, siku chache tu baada ya GeForce NOW kutoka kwenye majaribio, kampuni ya Activision Blizzard iliondoa gemu zake humo, na waliokuwa wamezinunua kwingine wakakuta hawawezi tena kuzicheza kupitia huduma ile. Ilikuwa 2023 ndipo gemu hizo zilipoanza kurudi, baada ya Microsoft kufunga mkataba wa miaka kumi na Nvidia.

Kukodi si aibu. Wengi wetu tumepanga nyumba na tunaishi vizuri. Kosa ni kukodi huku ukidhani umenunua, au kuuza ulicho nacho ili ukodi usichoweza kukishika. Mbuzi wale wanne wanazaa. Kifurushi hakizai.

Lakini mashine nayo si malaika

Nisije nikaonekana nauza mashine. Miaka sita iliyopita nilimnunulia mwanangu mashine ya gemu iliyotumika, kutoka duka moja la Mombasa ambalo sitalitaja. Ilidumu miezi minne. Fundi alipoifungua, feni ilikuwa imevaa koti la vumbi na bodi imeungua. Pesa sikurudishiwa. Kwa hivyo mpwa wangu aliposema kuhusu vumbi, hakuwa anapiga porojo. Isiolo ina joto na vumbi, na hewa ya chumvi ya pwani nayo haina huruma kwa vyuma.

Mashine pia hula umeme. PS4 ikifanya kazi hutumia wati 100 hivi au zaidi, mbali na televisheni, wakati simu hutumia wati chache mno. Kwa mtu anayetegemea sola, hiyo ni tofauti ya betri nzima. Hapa wingu lina hoja, na siifichi.

Nini kitabadilisha mambo?

Nilimwambia mpwa wangu kwamba jibu langu ni la leo, si la milele. Kuna mambo matatu ya kutazama.

La kwanza ni faiba ya barabarani. Mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 750 mwaka 2020, haukuwa wa lami peke yake; ndani yake mna kebo ya faiba ya kulazwa kandokando ya barabara. Na sehemu ya kwanza kabisa ni Isiolo hadi Kulamawe. Kebo hiyo ikifika na ikaunganishwa na nyumba na maduka, mizani ya kasi na ya bando zitakuwa nyingine kabisa.

La pili ni seva za karibu. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa dola bilioni moja, ukiwemo ujenzi wa kituo cha data Olkaria kitakachotumia umeme wa mvuke wa ardhini. Tangazo si jengo, na kituo cha data si lazima kiwe cha gemu. Lakini siku kampuni ya gemu itakapoweka seva zake Nairobi au Mombasa, zile milisekunde 200 zitashuka hadi 50, na makala haya itabidi niyaandike upya.

La tatu ni usalama wa kebo za bahari. Sisi wa Mombasa tunajivunia kwamba intaneti ya Kenya iliingilia kwetu: TEAMS na SEACOM mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata, na nyingine baadaye. Lakini Februari 2024 kebo kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu, na tarehe 12 Mei mwaka huo huo EASSy na SEACOM zikakatika upande wa Afrika Kusini. Kenya, Tanzania na majirani tukasota kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo barua pepe huchelewa na watu hustahimili. Chumba cha gemu za wingu hufungwa.

Basi inamfaa nani?

Kwa ufupi, kulipia gemu za wingu kunafaa ukiwa na haya yote kwa pamoja:

1. Unaishi katika nchi iliyomo kwenye orodha rasmi ya huduma.
2. Una faiba au mtandao mwingine usio na kikomo, wenye megabiti 15 au zaidi saa za jioni, si asubuhi tu.
3. Muda wa kwenda na kurudi hadi kwenye seva ni chini ya milisekunde 80.
4. Unacheza gemu nyingi tofauti, kidogo kidogo, na hutaki kununua kila moja.
5. Ikizimwa kesho, utasikitika lakini hutaharibikiwa.

Ndugu zetu walio Uingereza, Marekani au Kanada wengi wao wanatimiza masharti hayo. Kwao ni jambo jema, na ni rahisi kuliko kununua mashine mpya. Walioko Ghuba waangalie kwanza orodha ya nchi na wapime umbali.

Kwa aliye Kenya leo, ushauri wangu ni kutolipa hata shilingi kabla ya kupima. Programu za kupima kasi ni za bure. Pima saa mbili usiku, siku tatu tofauti, ukichagua seva ya Ulaya na si ya jirani. Andika nambari kwenye karatasi. Zikikukataa, zimekuokolea pesa.

Na kama shida yako ni kwamba huna mashine, ziko njia nyingine. Gemu za simu zinazoendeshwa na simu yenyewe, kama eFootball, hata ukicheza mtandaoni hutuma amri na nafasi za wachezaji tu, si video nzima, kwa hivyo bando linalotumika ni dogo mno ukilinganisha. Ukiwa na kompyuta nzuri chumba kimoja, programu ya Steam Link huweza kurusha gemu hadi kwenye televisheni ya chumba kingine kwa mtandao wa ndani ya nyumba. Hilo ni wingu dogo lako mwenyewe. Na mashine za zamani zenye diski bado zinacheza bila intaneti hata kidogo.

Mbuzi wawili

Siku ya tatu tulikaa chini ya mti nje ya nyumba, mimi, yeye, babake na lile daftari. Shemeji yangu si mtu wa maneno mengi. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo ya mawinguni, mvua ikikosa, inakuwaje?" Tulicheka, lakini lilikuwa swali sahihi kuliko yangu yote.

Kijana aliuza mbuzi wawili, majike wakabaki. Alinunua PS3 moja iliyotumika na diski tatu za kandanda, akaazima televisheni ya nyumbani, akashona pazia la kitambaa chepesi kuzuia vumbi, na kila Ijumaa asubuhi huipuliza feni kwa pampu ya baiskeli. Nilimsihi mambo mawili: achukue kibali cha biashara cha kaunti, na asiruhusu watoto kuwekeana pesa kwenye mechi, maana vyumba vingi vya gemu pwani vimeharibika kwa mlango huo wa kamari. La tatu alilianzisha mwenyewe: wakati wa swala anazima, na saa za shule haruhusu mwenye sare.

Juzi alinipigia simu. Kwa mwezi wa kwanza amebakisha shilingi elfu nne na ushei baada ya umeme. Si utajiri. Kisha akaniambia mmoja wa wale mbuzi majike amezaa pacha.

"Faiba ikifika, mjomba," akasema, "tutapima tena."

Inshallah tutapima.